Bei za soko za miaka mitano: zipelekwe BigQuery au zibaki kwenye kompyuta yetu?

Katibu wa Katuba aliuliza:

Ndugu zangu, mama zangu na wazee, nawasalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi.

Chama chetu ni cha akina mama wanaochanga fedha ili kununua chakula kwa pamoja. Tangu Januari 2020 hadi Desemba 2024 tuliandika bei kila Jumamosi katika masoko saba ya mji, yakiwamo Soko la Kenya na Soko la Mzee. Katika kila soko tuliwauliza wauzaji watatu bei ya vitu tisa, kuanzia unga wa mahindi wa bukari, yaani ugali, hadi makaa ya kupikia. Ukizidisha unapata majibu 189 kwa Jumamosi moja, na kwa miaka mitano ni kama mistari elfu arobaini na tisa. Yote imo katika mafaili matano ya Excel, faili moja kwa kila mwaka, ndani ya kompyuta moja ya mpakato ambayo betri yake haimalizi saa moja umeme wa SNEL ukikatika.

Data tunazo, shida yetu ni kuzifikia. Mwezi wa kumi na moja, mvua zinapoanza, wanachama hutaka kujua kama ni heri kununua magunia ya unga mapema au kusubiri, kwa sababu kati ya Desemba na Machi mahindi ya zamani huwa yanaisha na mapya bado yako shambani. Wanauliza bei ilipanda kwa kiasi gani msimu uliopita na ule uliotangulia, na ilikuwaje mwaka 2024, ukame ulipounguza mahindi ya Zambia ambayo soko letu huyategemea. Kila swali la namna hiyo hunigharimu alasiri nzima ya kufungua mafaili na kunakili safu, na mara mbili nimejikuta nikitoa majibu tofauti kwa swali lile lile.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alinishauri nipeleke kila kitu kwenye BigQuery, jukwaa la Google la kuhifadhi na kuuliza data kupitia intaneti, akasema ni bure. Nilifungua ukurasa wake, nikakuta maneno mengi ambayo sikuyaelewa, nikaufunga. Kabla sijarudi huko naomba mnisaidie kwa mambo haya. Je, inawezekana kulijaribu jukwaa hilo bila kadi ya benki, kwa kuwa chama hakina kadi? Je, litakula mega zetu zote za intaneti? Je, kuna siku nitaamka nikadaiwa dola ambazo sikuzitarajia? Na zaidi ya yote, je, hii si sawa na kukodi lori ili kubeba kikapu cha nyanya?

Fundi wa Kampemba alijibu:

Mama Katibu, nakusalimu kwa heshima. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo la kweli kuliko yote: ndiyo, ni lori na kikapu. Lakini lori hili kwa mzigo mdogo halitozi nauli, na kulijua kuna faida, kwa hiyo mimi ningekushauri ulijaribu, mradi kikapu chenyewe kibaki nyumbani.

Kuhusu kadi, BigQuery ina eneo la majaribio ambalo unaingia kwa akaunti ya Google peke yake. Humo unapewa nafasi ya gigabaiti 10 za kuhifadhi, na kila mwezi unaruhusiwa kuuliza maswali yanayosoma jumla ya terabaiti moja ya data. Mafaili yako matano yakiunganishwa hayatazidi megabaiti chache. Kanuni moja inafaa kujulikana: kila ulizo, yaani kila swali unaloliandikia jukwaa, huhesabiwa kuwa limesoma angalau megabaiti 10 kwa kila jedwali, hata kama jedwali ni dogo kuliko hapo. Ukigawanya terabaiti moja kwa megabaiti 10 unapata maulizo zaidi ya elfu mia moja kwa mwezi, yaani zaidi ya elfu tatu kwa siku. Chama chenu hakitafika huko hata mkigombana kila siku kuhusu bei ya maharagwe.

Deni haliwezi kukukuta humo, kwa sababu hakuna mahali ulipoandika namna ya kulipa. Kiwango kikiisha, maulizo hukataliwa mpaka mwezi ugeuke. Hatari huanza siku mtu anapoweka kadi. Hapo, baada ya terabaiti ya bure, bei katika maeneo ya Marekani ni dola 6.25 kwa kila terabaiti inayosomwa, na wenye majedwali makubwa ndio wanaoumia. Wengi wao huumia kwa sababu hawakuelewa jinsi jukwaa linavyofanya kazi. BigQuery huhifadhi kila safu ya wima peke yake, si mstari kwa mstari kama daftari, kwa hiyo ukiomba safu ya tarehe na safu ya bei tu, inasoma hizo mbili na kuziacha nyingine. Ukiandika nyota, yaani kuomba safu zote, inasoma kila kitu. Tena, kuongeza neno LIMIT ili uonyeshwe mistari kumi tu hakupunguzi kilichosomwa katika jedwali la kawaida, kunapunguza kinachoonyeshwa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha, ukurasa wenyewe hukuandikia ulizo litasoma kiasi gani. Jizoeze kuitazama namba hiyo tangu sasa, hata kama kwako haina gharama.

Sasa mambo mawili ambayo mpwa wako pengine hakukuambia. La kwanza, katika eneo la majaribio kila jedwali hufutika lenyewe baada ya siku 60. Hilo limeandikwa wazi katika maelezo ya jukwaa, ila mimi sikuyasoma, na kazi yangu ya miezi miwili ikapotea kwa uzembe wangu mwenyewe. La pili, humo huwezi kusahihisha mstari mmoja mmoja kwa amri za kuingiza, kubadilisha au kufuta. Ukigundua kosa, unalisahihisha kwenye faili lako kisha unalipakia upya. Kwa mzigo kama wenu masharti haya hayaumizi. Naweza hata kusema yanafundisha adabu, maana yanakulazimisha kuwa na faili moja la asili ambalo ndilo lenye ukweli, na kulichukulia jedwali la kule kama nakala tu. Kupakia faili hakulipiwi.

Utakapofungua seti ya data utaulizwa ikae wapi. Usipite haraka hapo, kwa sababu mahali hapabadilishwi baadaye. Ukitaka kuhama unafungua seti nyingine na kupakia upya. Google ina kituo cha Johannesburg kilichofunguliwa mwaka 2024, nacho ndicho kilicho karibu nasi kuliko vyote. Kwa megabaiti nne hutaona tofauti kubwa ya kasi, lakini mimi napendelea data za watu wetu zisizunguke dunia bila sababu.

Nimeacha jambo gumu hadi mwisho, nalo halihusu Google hata kidogo. Excel yenu bila shaka ni ya Kifaransa. Hiyo hutenganisha safu kwa nukta mkato, huandika desimali kwa mkato, na huandika tarehe kwa kuanza na siku. BigQuery inatarajia desimali zenye nukta na tarehe zinazoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukiliachia jukwaa likisie aina ya kila safu, linatazama sehemu tu ya mistari ya mwanzo na kuamua. Faili likibadilika tabia huko chini, upakiaji unakwama au, vibaya zaidi, unapita ukiwa na makosa. Njia yangu ni hii: hifadhi faili kama CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa alama) ya UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi) ili herufi za Kifaransa zenye alama zisiharibike, uiambie BigQuery kwamba kitenganishi ni nukta mkato, kisha upakie safu zote kama maandishi matupu. Baada ya hapo ndipo unazigeuza kwa ulizo: tarehe kwa PARSE_DATE ukiieleza kwamba siku ndiyo inayotangulia, na bei kwa kubadilisha mkato kuwa nukta kisha kutumia SAFE_CAST. Amri hiyo ya mwisho ina ustaarabu: inapokutana na bei isiyoeleweka haikatizi kazi nzima, bali inaacha nafasi tupu, nawe unaweza kuomba orodha ya nafasi tupu zote na kuona makosa yako ya miaka mitano yakiwa yamepangwa mstari.

Mega: kinacholiwa ni ukurasa wenyewe, ambao ni mzito kufunguka, si data zako. Hesabu hufanyika kule kwenye seva, na kinachorudi kwako ni jibu tu. Fungua ukurasa mara moja, uliza maswali yako yote, kisha funga.

Mwanafunzi wa takwimu alijibu:

Yaya Fundi, mkubwa wangu, ameeleza vizuri, na sina la kusahihisha katika maelezo yake, lakini sikubaliani na ushauri. Mistari elfu arobaini na tisa haihitaji wingu lolote. Kuna programu ya bure iitwayo DuckDB, iliyozaliwa katika taasisi ya utafiti ya CWI huko Amsterdam na kufikia toleo la 1.0 mwezi Juni 2024. Inahifadhi data kwa safu kama BigQuery, inaelewa lugha ile ile ya kuulizia data, SQL, kwa sehemu kubwa, inasoma faili la CSV moja kwa moja, na haitaki seva wala intaneti. Ukishaipakua, unaweza kukaa wiki nzima bila mega na bado ukapata wastani wa bei ya unga kwa kila mwezi kabla hujamaliza kupepesa macho. Tena haifuti kitu baada ya siku 60.

Nakiri kwamba mama asiyezoea kuandika amri kwenye dirisha jeusi ataiona inatisha, na kwamba BigQuery inampa kitufe cha kubonyeza na jedwali la kutazama. Nakiri pia kwamba kompyuta moja yenye betri mbovu ni mahali pabaya pa kuweka nakala pekee ya kitu chochote. Hata hivyo, dawa ya hilo ni nakala rudufu kwenye kifaa cha USB kinachokaa nyumba nyingine, nacho hakihitaji jukwaa lililojengwa kwa ajili ya makampuni yenye mabilioni ya mistari.

Fundi wa Kampemba alijibu:

Mdogo wangu, tungekuwa tunazungumza juu ya kompyuta yako, ningekuunga mkono. Lakini Mama Katibu ana wanachama wenye simu, na wanaouliza maswali ni wao. Jedwali likiwa BigQuery, anaweza kuliunganisha na Looker Studio, zana ya Google ya kuchora michoro ya data, ambayo nayo ina toleo la bure, akatengeneza mchoro mmoja wa bei ya unga na kuwatumia kiungo. DuckDB kwenye mpakato wake haitamsaidia mama aliyeko sokoni saa mbili asubuhi. Tumia yote mawili kama unaweza. SQL utakayojifunza huku utaitumia kule.

Mama wa Ruashi alijibu:

Mimi si fundi, ila nilikuwa mweka hazina wa chama kilichopita njia hii kwenye jukwaa jingine ambalo sina haja ya kulitaja, na yaliyotuumiza hayakuwa ya ufundi.

Akaunti yetu ilifunguliwa na kijana mmoja mwenye moyo mwema, kwa barua pepe yake mwenyewe. Alipopata kazi Kolwezi aliondoka na nywila, kisha akabadilisha simu, na namba ya kuthibitisha ikawa inatumwa kwenye laini ambayo haipo tena. Hakuiba kitu, alikuwa tu ameondoka, kama vijana wanavyoondoka. Tulipoteza karibu mwaka mzima wa kumbukumbu. Kwa hiyo, Mama Katibu, fungua barua pepe ya chama, si yako wala ya mpwa wako, na nywila yake iandikwe katika daftari linalokaa na fedha. Mpwa apewe ruhusa ya kuingia kwa jina lake, ruhusa ambayo mnaweza kumwondolea bila kumkosea heshima.

La pili ni wauzaji. Sisi tulikuwa tumeandika majina yao na namba zao za simu pembeni ya bei, ili tuweze kuwarudia. Nikuulize, na ninyi mmefanya hivyo? Nchi yetu ina Sheria-Agizo namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile iliyoweka Kanuni ya Kidijitali, nayo inahusu pia data za watu binafsi. Hata bila sheria, muuzaji aliyekutajia bei akiwa amekaa nyuma ya meza yake hakukubali namba yake isafiri hadi Johannesburg. Kata safu hizo kabla hujapakia chochote. Mpe kila muuzaji namba ya siri, na orodha inayounganisha namba hiyo na jina lake ibaki kwenye karatasi.

Katibu wa Katuba aliuliza tena:

Nawashukuru wote. Zimepita wiki tatu, na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Nilifungua barua pepe ya chama kama Mama wa Ruashi alivyonishauri, nikakata safu za majina na simu, ambazo ni kweli zilikuwamo. Nikaunganisha mafaili matano kuwa moja, na hapo ndipo siku nne kati ya hizo wiki tatu zilipoishia. Kupakia kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja. Nilipakia kila kitu kama maandishi, nikageuza kwa amri alizoeleza Fundi, kisha nikaomba nafasi tupu. Zilitoka 214. Nyingi ni za mwaka 2021, ambapo mwandishi wetu mmoja alikuwa akiandika herufi O mahali pa sifuri, na nyingine zina neno FC, yaani faranga za Kongo, limebandikwa nyuma ya bei. Katika Excel niliziangalia bei hizo mara nyingi na macho yangu hayakuona kosa lolote. Sasa naelewa kwa nini nilikuwa natoa majibu mawili kwa swali moja: kuna siku wastani uliziacha bei hizo nje, na kuna siku nilikuwa nimezisahihisha kwa mkono katika nakala moja na kuzisahau katika nyingine.

Faili la asili liko kwenye mpakato na kwenye kifaa cha USB kwa mweka hazina wetu. Tarehe ya siku ya hamsini nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, ili nipakie upya kabla ya ile ya sitini. Mpwa wangu ameweka DuckDB pia, nami nimeona ulizo lile lile likitoa jibu lile lile pande zote mbili, jambo ambalo lilinituliza moyo kuliko maelezo yote.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Mwaka 2020 na 2021 tuliandika bei ya unga kwa meka, yaani chombo cha kupimia cha sokoni; kuanzia 2022 tuliandika kwa kilo, na kwa gunia la kilo 25 tulipoliona. Nilidhani nitagawanya tu kwa uzito wa meka moja. Jumamosi iliyopita nikachukua mizani, nikapima meka katika masoko matatu, na hazilingani. Ziko zilizobonyezwa kitako kuelekea ndani, na ziko ambazo muuzaji hujaza mpaka unga unapanda kama kichuguu. Nifanye nini na miaka hiyo miwili? Mpwa anasema niweke uzito mmoja wa wastani na kusonga mbele.

Fundi wa Kampemba alijibu:

Usifanye hivyo ndani ya safu ya bei, Mama. Bei iliyoandikwa siku ile ibaki ilivyoandikwa, pamoja na kipimo chake katika safu ya pili, na fedha yake, faranga au dola, katika ya tatu. Kisha fungua jedwali jingine dogo lenye safu nne: soko, kipimo, uzito kwa kilo, na tarehe uliyopima. Pima meka kumi katika kila soko, si katika masoko matatu tu, na uandike zote bila kuchagua. Ulizo litaunganisha majedwali hayo mawili kwa jina la soko na kipimo, na siku ukipata uzito bora zaidi utabadilisha jedwali dogo peke yake. Kwa 2020 na 2021 utaonyesha bei ya chini na bei ya juu kwa kilo, kulingana na meka nyepesi na meka nzito uliyoipata, badala ya namba moja ambayo hakuna mtu aliyeilipa.

Kwa zile bei za dola utahitaji jedwali la tatu, la kiwango cha kubadilishia fedha kwa kila Jumamosi. Je, mlikuwa mkikiandika?

Katibu wa Katuba alijibu:

Tulikiandika, lakini kwenye daftari la mweka hazina, kwa kalamu. Kesho naenda kulichukua.